Kuongea na Watu, Kwani Inasomewa?

Tangu tuingie kidato cha nne, swali la "Utasomea nini?" limekuwa kama salamu hapa shuleni. Wengi hujibu udaktari au uhandisi. Mimi nikisema ustawi wa jamii, darasa huangua kicheko. "Utalipwa asante!" huniambia.

Sababu yangu ni hii. Likizo ya Agosti mwaka jana, mdogo wangu wa miaka 12 alitoroka nyumbani. Siku ya tatu tukapashwa habari kwamba ameonekana na chokoraa kando ya mto Sosiani, chupa ya gundi mkononi. Mimi na mama tulimwendea mara mbili. Mara zote mbili alituona kwa mbali akatimua mbio. Mama alilia njiani mbele ya watu. Sikuwa nimewahi kumwona akilia hivyo.

Aliyemrudisha ni mama mmoja wa makao ya watoto. Hakumkimbiza. Alikwenda akaketi chini pamoja nao, na siku ya kwanza hata jina hakumwuliza. Siku ya nne kijana mwenyewe akamwambia kwao ni wapi. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo ilikuwa inaanza, maana alikuja nyumbani wiki baada ya wiki. Ndipo tukajua kuwa mtoto alifukuzwa shule kwa pesa za mtihani, akaona haya kumwambia mama. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Basi nami nikamwuliza yule mama chuo kipi ni bora kwa kazi yake. Akacheka.

"Usiulize jina la chuo, binti yangu. Uliza wanafunzi wao hukaa nyanjani muda gani, na nani huwasimamia wakiwa huko. Sheria ya Watoto ya 2022 utaisoma kitabuni. Kuketi na mtoto aliyelewa gundi hutakuta kitabuni."

Nyumbani mambo yakawa moto. Kwanza mama aliuliza, "Kuongea na watu, kwani inasomewa?" Alipokubali, akachagua Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984, kule Kesses, ambako hufundishwa sosholojia. "Asubuhi unapanda matatu, jioni uko hapa." Binamu yangu anasifu Makerere, ambako ustawi wa jamii ni kozi ya siku nyingi, tena ati basi za Kampala zinapita hapa hapa Eldoret (kana kwamba nachagua basi!). Mimi moyo umekwenda Chuo Kikuu cha Nairobi, chenye shahada yenyewe ya ustawi wa jamii. Mkopo wa HELB nitaomba, lakini kodi ya chumba je? Na kwanza nipate C+, la sivyo itakuwa diploma. Hesabu yangu mnaijua wenyewe.

Halafu mama akanena lililonikata maini: "Na wewe ukienda, huyu ataangaliwa na nani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Orodha yangu ya vyuo nimeiandika kwa penseli. Juzi mdogo wangu aliikuta mezani, akaisoma polepole, kidole juu ya karatasi.

"Huko Nairobi pia kuna mto?" akauliza.

"Upo."

Akanirudishia karatasi, akaenda kuteka maji.