Nyumba Mgongoni: Safari Yetu ya Msowero

Wasomaji wetu, leo twataka kuwapasheni habari za safari yetu ya kwanza ya kwenda Msowero, katika wilaya ya Kilosa, tukiwa na nyumba mgongoni kama kobe. Nyumba yenyewe ni chumba kidogo cha mbao na bati, kinachopakiwa katika bodi ya pikapu. Ndani mna kitanda, kabati, jiko la gesi na pipa la maji. Kina miguu minne ya jeki. Jeki zikikiinua, motakaa huondoka chini yake, nacho husimama peke yake.

Tulikinunua kwa ajili ya mama yetu. Yeye ni mzaliwa wa Msowero, na kwa miaka mingi alitamani kulala tena penye makaburi ya wazee wake. Lakini magoti yake ni mabovu, hawezi kulala chini, wala hakutaka mtu aondolewe kitandani kwa sababu yake. Basi tukasema, na tumpelekee kitanda chake.

Chumba kilikwisha kutumika, kwa hiyo tulimwita seremala akitazame. Alimwaga maji juu ya paa, akangoja, kisha akabonyeza kwa kidole gumba mbao za pembeni na za sakafu, maana penye ulaini ndipo penye kuoza. Tuliona ubao mmoja mbovu, tukaubadilisha, tukaziba maungio ya bati. Mpira wa gesi tuliupaka povu la sabuni, tuone kama panavuja, hapakuvuja. Chumba tukakifunga kwa minyororo minne iliyoshikwa na chuma cha chini cha motakaa, si kwa kingo za bodi tu. Kwa hayo tulijiona tumekwisha kuwa mafundi. Neno moja hatukuuliza: uzito.

Tulitoka Morogoro asubuhi, watu wanne, tukashika barabara ya Dodoma hata Dumila. Huko ndiko mafuriko ya Januari 2014 yalikoikata barabara kuu, na wenyeji hawajayasahau. Hapo tukageuka kushoto kuifuata njia ya Kilosa. Upande wa kuume ilisimama milima ya Ukaguru, na chini yake mashamba ya mahindi na mpunga. Mama alitutajia majina ya vijito kabla hatujavifikia.

Walakini dereva alianza kunyamaza. Usukani ulikuwa mwepesi mno mikononi mwake, na kila tulipopita penye tuta, nyuma palishuka na mbele pakainuka. Tulisimama tukakaza minyororo, tukidhani ndiyo yenye kosa. Tulipokaribia Msowero giza lilikuwa limeingia, na taa zetu ziliangaza matawi ya miembe badala ya njia. Mtu wa baiskeli alitokea mbele yetu ghafula; tulimkwepa kwa shida, gari likayumba kama mlevi, likasimama ukingoni mwa mfereji. Hakuumia mtu. Mama hakusema neno, ila tulimsikia akishusha pumzi.

Mjomba wetu alitupokea kwa furaha. Alipoizunguka pikapu na taa yake alicheka, akasema, “Wanangu, motakaa yenu yatazama mbinguni.” Siku za ujana wake alikuwa utingo wa malori ya mahindi, naye ayajua mambo ya mizigo. Usiku ule kulikuwa na baridi, na mama akaomba jiko la mkaa liingizwe chumbani. Mjomba akakataa kabisa, maana moshi wa mkaa usioonekana huua watu waliofunga milango wakalala. Akampa blanketi la pili.

Kulipokucha aliazima mizani kwa mnunuzi wa mazao. Tukasoma kibandiko cha mlangoni: pikapu yetu yaweza kubeba kilo 1,000, watu wakiwamo. Kibao cha chumba kilisema kilo 520 kikiwa kitupu. Sisi wanne tulikuwa kilo 270. Kisha tukapima vyote: maji lita 120, ndiyo kilo 120, sanduku la vyombo vya ufundi, 40, jenereta, 45, sufuria, nguo, gesi na vinginevyo, 160. Jumla kilo 1,155! Na pipa la maji lilikuwa nyuma kabisa, kupita ekseli, likiyanyanyua magurudumu ya mbele yanayoshika njia.

Mjomba akasema, “Wapagazi wa zamani walijua mzigo wao kabla hawajaamka kwenda.” Ni kweli. Mwaka 1871 Stanley alipomtafuta Livingstone alipita tambarare ya Mkata, kusini ya huku, katika mvua na matope mengi. Na mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, yaani ratili 70, au kilo 32. Mtu alijua kipimo cha mabega yake. Sisi tulikuwa na kibandiko mlangoni, wala hatukukisoma.

Basi tukamwaga maji tukabakiza lita 20, kwa kuwa maji hupatikana njiani. Jenereta tukaiacha kwa mjomba, na katika vyombo tukachukua kilo 10 tu. Vilivyo vizito tukaviweka chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Tukabaki na kilo 980, na gari likasimama sawasawa.

Tulikaa siku tatu. Mama alilala vema, na jioni akina dada walikaa ngazini pa chumba chake wakizungumza naye. Siku ya kuondoka wakaleta gunia la mpunga, kilo 100. Tukaona haya. Katika Wakaguru neno la mjomba ni kubwa, nasi tuliona vibaya kuirudisha zawadi yake. Lakini tulikuwa na nafasi ya kilo 20 tu. Mama akatutazama, nasi tukatazama chini.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyetuokoa. Alipima kilo 15 za mpunga, akampa mama mikononi mwake, akasema, “Hizi ndizo zawadi. Zilizobaki ni mzigo, nao utapanda basi.”

Tukaenda Kilosa kwa upole, taa zikiangaza njia, na mama ameupakata mpunga wake. Ndugu, mkitaka kununua nyumba ya namna hii, anzeni na mizani kabla ya mapazia.