Mbotela na Mshahara Wangu

Kule Kabonga, mtoto akilia usiku bibi yangu alikuwa anamwambia: nyamaza, Rumaliza atakusikia. Nilidhani ni zimwi la ziwani. Kumbe alikuwa mtu, mfanyabiashara wa Ujiji, na watu waliotekwa walipitishwa huko wakatembezwa hadi pwani ya bahari. Mwami Mwezi Gisabo alimzuia asipande milimani. Sisi wa chini, wa mikeke na mawese, tulikuwa karibu mno na mitumbwi yake. Mwaka 2015 tulipokimbilia Kagunga, meli ya Liemba ilitupitisha maji yaleyale hadi Kigoma, jirani na Ujiji.

Hayo nimeyaunganisha hapa kambini, baada ya mwalimu mmoja kuniazima fotokopi ya Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapwa London mwaka 1934. Wengi wanakihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Mbotela ni mtu wa Freretown, Mombasa, kijiji cha wamisheni kilichoanzishwa 1875 kwa ajili ya waliokombolewa. Ukoo wake ni wa Wayao waliotekwa.

Nikawasimulia vijana wangu kituoni. Freretown kulikuwa na wasimamizi wazungu, shule, sheria, na kengele ya kuwaonya watu hatari ikija. Mpaka leo mahali pale panaitwa Kengeleni. Kijana mmoja akacheka: "Kaka, hii si Nyarugusu?"

Kitabu kinawashukuru Waingereza kupita kiasi, na hapo kilinichosha. (Ndugu wa mashirika, msinune.) Aliyekombolewa anatakiwa ashukuru kwanza, mengine atayasema baadaye. Lakini Mbotela aliandika habari za watu wake kwa lugha yao, na neno halikuishia kwake. Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo huohuo, alikuwa na kipindi redioni Kenya miaka mingi: Je, Huu ni Uungwana? Zamani mwungwana ni yule asiye mtumwa.

Swali hilo ndilo lililonifungua mdomo. Nikiwa na miaka 17 nilitoka kambini kwenda kulima kwa tajiri mmoja. Miezi mitatu, palizi mpaka mavuno, malipo tumekubaliana mwisho. Siku ya mwisho akaja anahema: uhamiaji wanakuja, kimbieni! Tukakimbia, tukalala porini. Hakuna aliyekuja. Sikumwambia mtu, hata mama. Niliona aibu kama vile mwizi ni mimi. Simfananishi na Rumaliza, maana nilirudi nyumbani kwa miguu yangu. Ila miezi mitatu yangu ameila.

Siku ile niliwaambia vijana. Walikuwa kumi na mmoja. Wanne wakasema na wao yamewakuta, mmoja mara mbili.

Wiki iliyofuata yule aliyecheka akaja na daftari. Anakwenda kulima, mgao umepungua na wadogo zake wanalala njaa. Nilitaka kumkataza, nikakosa cha kumpa badala yake. Tukaandika jina la tajiri, kijiji, tarehe ya kuanza, pesa kwa siku. Aliniambia niandike pia kwamba ana kovu kwenye nyusi ya kushoto, nikaandika. Nakala mbili. Moja amekwenda nayo, nyingine iko chini ya godoro langu, ndani ya fotokopi ya Mbotela.