Kabla ya kulipa, fungua kasha: kompyuta ya michezo kwa dola 219 hapa Butembo

Wiki hizi swali moja linarudi kila mara, kwa simu na hata njiani nikitoka kazini: kijana akiwa na dola 200 na kidogo, anaweza kujiundia kompyuta ya kuchezesha watu mpira na mbio za magari? Ndiyo, anaweza. Lakini anaweza pia kutupa pesa yote kwa saa moja, na hapa kwetu hakuna duka la vyuma vya mitumba linalorudisha pesa.

Wanaouliza zaidi ni vijana waliokimbia vita. Tangu Kanyabayonga ilipoanguka, tarehe 28 mwezi wa sita 2024, jamaa nyingi za kusini mwa Lubero zimefika kwetu, na nyingi zinaishi ndani ya nyumba za watu waliozipokea. Vijana wao wamebeba mizigo, wamefyatua matofali, wameuza yunite. Sasa wengine wanaona vyumba vya michezo mtaani, mechi moja faranga 500, na wanahesabu vidole.

Mmoja wao, mwenye miaka 19, nilimsindikiza sokoni mwezi uliopita. Dola 230 zilikuwa za mama yake. Alizikusanya kwa kuuza maharagwe ya rejareja kwa zaidi ya mwaka, na nyongeza kidogo ilitumwa na shemeji aliye Kampala. Kabla hatujatoka nyumbani mama aliniambia: «Papa, mimi sijui ordinatere. Najua tu kwamba hii pesa ikipotea, hakuna ingine.» Kuna watu walimsema, eti mkimbizi anaacha kununua unga anawanunulia watoto mchezo. Mimi sikuona mchezo pale. Cherehani nayo ni mashine, na hakuna anayemcheka mama anayenunua cherehani.

Muuzaji wa kwanza alikuwa tayari na kila kitu: kompyuta ndogo nyembamba ya ofisi, Dell OptiPlex 9020, na pembeni kadi ya grafiki GTX 1660. «Itaingia, usiogope.» Kijana alinitazama macho yanang'aa, kwa sababu jina la ile kadi alilijua kutoka YouTube. Niliomba bisibisi tufungue kasha. Muuzaji hakufurahi, lakini alifungua.

Ndani ndipo mambo yalipo. Kompyuta hizi za ofisi zinatoka Ulaya, Marekani au Dubai, na nyingi hutufikia kwa njia ya Kampala na Kasindi. Ni nzuri, ngumu, na bei yake ni nafuu. Lakini kiwanda kilizitengeneza kwa kazi ya karani, si kwa mchezo. Kitu cha kutazama kwanza ni alimantasio, yaani kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme ndani ya mashine. Kina karatasi juu yake. Kwenye ile nyembamba ilikuwa imeandikwa wati 255. GTX 1660 peke yake inakula wati 120, na inadai waya wake wa pekee wenye pini nane, wakati tundu la kadi kwenye ubao mkubwa linatoa wati 75 tu. Alimantasio ile haina waya huo. Tena kasha lile linapokea kadi fupi tu, zile za nusu kimo. Kwa hiyo hata neno «itaingia» halikuwa la kweli.

Muuzaji akasema basi tubadilishe alimantasio, ziko nyingi. Ziko, lakini zile za kawaida zina plagi kubwa ya pini 24, na ubao wa OptiPlex 9020 unapokea plagi ya Dell yenyewe, ya pini nane. Kuna waya wa kuunganisha hizo mbili. Kwake haukuwepo, na kwa wengine wawili tuliowauliza haukuwepo. Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali lililonipendeza: «Yaya, sasa tuchague kadi inayofuata alimantasio, si alimantasio inayofuata kadi?» Ndiyo hivyo. Unaanza na kile usichoweza kukibadilisha.

Duka la tatu lilikuwa na 9020 ya kasha kubwa la kusimama, alimantasio ya wati 290, prosesa i5-4590. Hapo kadi ndefu inaingia. Tulitafuta kadi isiyodai waya wake, inayotosheka na zile wati 75 za tundu. GTX 750 Ti ya 2014 iko hivyo, inakula wati 60. GTX 1050 Ti ya 2016 nayo nyingi ni hivyo, ina giga nne za memori yake, na kwa bei tuliyopewa ndiyo ilikuwa na maana. Tulipiga hesabu juu ya kopo la risiti: prosesa wati 84, kadi 75, na vingine vyote labda 40. Tuko karibu na 200. Alimantasio ya 290 inapumua.

Kadi hii ina waigaji wengi, kwa hiyo nitakawia kidogo hapa. Kuna watu huchukua kadi ya zamani sana, kama GTX 550 Ti, wanabadilisha programu ya ndani ili ijitambulishe kwa jina 1050 Ti. Windows inaamini, mnunuzi anaamini, halafu mchezo ukifunguka unakwama. Tazama nyuma ya kadi: 1050 Ti ya kweli haitoi ile picha ya zamani ya VGA, kwa hiyo ukiona mlango wa VGA wa bluu, shuku mara moja. Kisha uwe na programu ndogo inayoitwa GPU-Z ndani ya flashi yako. Haina malipo, na tangu 2018 inatambua kadi nyingi za uongo na kuandika wazi kwamba ni feki. Kadi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa na ule mlango wa bluu. Ya pili haikuwa nao, na GPU-Z haikulalamika.

Lakini kadi ya kweli ilileta tatizo lake. Ekrani ambayo kijana aliazimwa na mjomba wake ni ya zamani, ina VGA peke yake. Ilibidi tununue kiunganishi cha HDMI kwenda VGA, dola 5. Hii watu wengi hawaihesabu, wanafika nyumbani na mashine nzima isiyo na picha.

Memori ilikuwa rahisi. Mashine ya umri huu inapokea DDR3 tu; DDR4 ina mkato mahali pengine na haitaingia hata ukisukuma, na tafadhali usisukume. Vipande vya kompyuta ya mkononi ni vifupi, usidanganywe navyo. Yetu ilikuwa na vipande viwili vya giga nne, na viwili vya nne ni afadhali kuliko kimoja cha nane, kwa sababu prosesa inavisoma vyote kwa pamoja. Nafasi mbili zimebaki wazi. Prosesa pia inaweza kupandishwa kesho hadi i7-4770, lakini si i7-3770, hata kama jina linafanana: tundu lake ni jingine. Disiki tulichukua SSD ya SATA ya giga 240. Ni ndogo, GTA V pekee inataka zaidi ya giga 70, ila ile disiki ya zamani ya giga 500 imebaki ndani ya kuwekea akiba ya michezo.

Kuhusu Windows niseme haraka. Windows 11 haikubali rasmi prosesa ya kizazi hiki, na Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 14 mwezi wa kumi 2025. Kwa PES 2017 ya watu wawili bila intaneti, si shida kubwa. Usiweke tu humo namba ya siri ya pesa za simu.

Umeme je? Kwenye alimantasio nyingine kuna kitufe chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 na wewe ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlio mmoja na kazi imeisha. Tazama kabla. Na ondulere si mapambo: umeme ukikatika katikati ya mechi, wachezaji watadai faranga zao. Wanaotumia jua wahesabu hivi: betri ya volti 12 na ampea 100 ina kama wati-saa 1,200, na ukiitumia nusu ili isife mapema, mashine hii pamoja na ekrani vitafanya kazi kati ya saa mbili na tatu.

Hesabu yenyewe: mashine 85, kadi 70, SSD 20, kiunganishi 5, ondulere iliyotumika 25, joystiki mbili 14. Jumla dola 219. Hatukulipa kitu mpaka mchezo ulipochezwa pale pale dukani karibu saa nzima, muuzaji akitukunjia uso.

Jumamosi ya kwanza kijana alichezesha mechi 23, faranga 11,500. Mama aliniuliza kama hiyo ni nyingi. Nilimwambia asubiri mwezi mzima ndipo ahesabu, kwa sababu wiki ya kwanza watu huja kutazama. Ekrani ya mjomba inarudi kwake mwezi ujao, kwa hiyo dola 11 zilizobaki na faida ya kwanza zinaenda huko.

Wengine mnaotaka kununua, piga picha ya karatasi ya alimantasio na ya ubao wa ndani, mniletee redaksioni kabla ya kulipa, alasiri yoyote isipokuwa jumapili. Kutazama hakuna malipo.