Mtu Mzima na Masomo ya Sheria

Samaki mkunje angali mbichi, husema wazee, na methali hii imewatisha watu wazima wengi wenye hamu ya kuanza kazi mpya. Walakini ilisemwa juu ya samaki. Akili ya mwanadamu haikaushwi na jua wala na miaka. Hukaushwa na kukaa bure. Pale Kihonda, kata ya mji wa Morogoro iliyo kando ya barabara iendayo Dodoma, milima ya Uluguru ikiwa mbali upande wa kusini, si ajabu kumkuta mwalimu, karani au aliyekuwa fundi wa kiwanda, mwenye umri wa miaka 45 au zaidi, ameketi barazani jioni na kitabu cha sheria ya mikataba. Majirani humwamkia kwa heshima, wakapita, kisha wakaulizana: Mzee huyu anatafuta nini?

Swali lao si la dhihaka. Huletwa na hesabu ya miaka. Shahada ya sheria huchukua miaka mitatu au minne. Baada yake, kwa sheria iliyotungwa mwaka 2007, atakaye kuwa wakili Tanzania Bara hana budi kupita katika shule ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo iliyoko Dar es Salaam, mwaka mmoja mwingine. Basi aliyeanza na miaka 45 huapishwa mbele ya Jaji Mkuu akiwa na karibu 50 au kuzidi, ikiwa mitihani yote ilimwitikia mara ya kwanza. Mtumishi wa serikali huruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Yaani wenzake wanafunga majalada yao wakati yeye anafungua la kwanza.

Na mitihani haimwitikii kila mtu. Mwezi wa Oktoba 2022 ilijulikana ya kuwa katika wanafunzi 633 wa shule hiyo, waliofaulu bila deni walikuwa 26 tu; 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walianguka kabisa. Nchi ilishtuka, na Dkt. Damas Ndumbaro, aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria wakati ule, akaunda kamati ya uchunguzi chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Wako waliolaumu shule, wako waliolaumu vyuo vikuu, wako waliolaumu wanafunzi wenyewe. Lakini anguko la kijana na anguko la mtu mzima hayana uzito mmoja. Kijana hupoteza mwaka, naye ana miaka mingi mbele yake. Mtu mzima hupoteza ada ambayo ilikuwa ya mtoto wake, au bei ya kiwanja ambacho mkewe alikuwa amekitazamia kujenga vyumba vya kupangisha. Alipotia sahihi karatasi ya kujiunga, aliweka rehani amani ya nyumba yake. Asiyeliona jambo hili atadhani kuwa ushujaa wa mwanafunzi mzee ni kuvumilia kuchekwa darasani. Kuchekwa ni kitu kidogo. Siku ya kwanza vijana husimama wakidhani mhadhiri ameingia. Siku ya pili humwita baba. Mwezi ukiisha humwazima madaftari.

Aidha, si jambo geni Morogoro kumfundisha sheria mtu mwenye mvi. Mzumbe, katika barabara iendayo Iringa, palianzishwa mwaka 1953 shule ya serikali za mitaa, na waliofundishwa hapo walikuwa machifu, madiwani na watumishi wa serikali za wenyeji, watu wenye wake na watoto. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14. Kumi na wanne hawakuweza kuenea nchi nzima. Baada ya uhuru Mzumbe ikatwaa pia kazi ya kuwafundisha mahakimu wa mahakama za chini, zile ambazo sheria ya mwaka 1963 ilizipanga upya zikawa mahakama za mwanzo. Mahali hapo leo ni chuo kikuu, tangu mwaka 2001, nacho kina kitivo cha sheria. Chuo Kikuu Huria nacho, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi tangu 1994, kilimpa mtu mwenye kazi nafasi ya kusoma bila kuiacha kazi. Kusoma kwa mbali si kusoma kwa unyonge: Nelson Mandela, aliyekuwa wakili tangu miaka ya 1950, alipata shahada yake ya sheria kwa njia hiyo mwaka 1989, angali mfungwa, na umri wake ulikuwa miaka 70.

Kikwazo kikubwa kuliko umri ni lugha. Mwalimu aliyefundisha hesabu na uraia kwa Kiswahili miaka 20 hukutana na hukumu za Kiingereza zenye sentensi ndefu kama mto Ngerengere wakati wa masika. Mambo yameanza kugeuka. Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani kwa kuwa aliandika hukumu kwa Kiswahili, na mwaka ule ule Bunge likatunga sheria iliyokifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Vitabu, hata hivyo, havigeuki kwa kura ya Bunge.

Alicho nacho mtu mzima ni kuwajua watu. Kihonda imekua upesi, na penye viwanja vipya hapakosi kiwanja kimoja kuuzwa mara mbili. Tangu mwaka 2021 baraza la kata haliamui tena mashauri ya ardhi. Hupatanisha tu, na wasiopatana huenda kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Upatanishi huo hudai masikio yaliyokwisha kusikia ugomvi mwingi. Aliyekaa miaka katika ofisi ya shule akisuluhisha wazazi hutambua upesi ya kuwa ndugu wawili wanaogombea mpaka wa hatua tatu wanagombea urithi wa mama yao, na kwamba mpaka ni kisingizio.

Lakini mvi zina hatari yake. Mama mwenye shauri huingia katika ofisi ya mawakili wawili. Humpita kijana mwenye uzoefu wa miaka minane, akaenda moja kwa moja kwa mzee aliyeapishwa mwezi uliopita, akamwagia karatasi zake mezani. Jaribu hili halimo katika mtihani wowote. Mwenye tamaa huzipokea. Mwaminifu huzikusanya vizuri, akasimama, akasema: “Shikamoo ya wakili mpe yule kijana, mama. Yeye ndiye mkubwa hapa. Mimi ninajifunza kwake.”