Nilitoa Ushuhuda Siku ya Tano



Juzi dada mmoja wa kanisa letu aliniandikia akiuliza: "Mchungaji, tumemwombea mtoto, na ngozi imeanza kutulia. Je, niache krimu ya daktari, nisionekane sina imani?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, kwa sababu najua jibu nililompa mtoto wangu mwenyewe.

Wengi wenu mnaikumbuka Jumapili ile. Binti yetu alikuwa na miaka minne, ukurutu (ile ekzema) umemshika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Nilimpandisha madhabahuni, nikainua mikono yake, nikatangaza kwamba amepona. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Nisichosema ni kwamba siku tano kabla ya hapo tulikuwa tumepewa krimu ya haidrokotisoni, na mama mchungaji alikuwa akimpaka asubuhi na jioni. Siku ya tatu mtoto alilala usiku kucha bila kujikuna. Siku ya tano nikashika kipaza sauti.

Jioni hiyo krimu ikaingia kabatini. Ningempakaje dawa mtoto niliyesema amepona? Tena jirani alikuwa ametutisha kwamba steroidi huchubua ngozi, kwa hiyo kisingizio kilikuwepo tayari.

Haikupita wiki mbili, kucha zikarudi kazini. Na hapa ndipo ninapoona haya hadi leo. Sikurudi kwa daktari. Nilimnunulia sweta ya mikono mirefu, ya sufu, ili washirika wasione. Ilikuwa Januari, jua kali, mtoto anatoka jasho ndani ya sweta kwa sababu ya heshima ya baba yake. Sufu na jasho ni kama kuongeza kuni kwenye ukurutu. Asubuhi moja tukakuta shuka ina damu, vidonda vina ukoko wa manjano, na mwili una homa. Mama mchungaji hakunishauri wala kunilaumu. Alimbeba mtoto akaondoka.

Daktari aliuliza swali moja tu: "Mliacha lini kupaka?" Kisha akatueleza polepole. Krimu ile hutuliza mwasho kwanza, mara nyingi ndani ya siku chache, lakini uvimbe ulio chini ya ngozi haujaisha. Kwa kawaida huhitaji wiki moja hadi mbili, na mahali ngozi imekuwa nene kama gome, zaidi ya hapo. Ukiacha mwasho unapotulia tu, unarudi. Kuhusu kuchubuka, akasema hatari kubwa ni kutumia krimu kali kwa miezi bila mtu wa kukuangalia, au zile za kujichanganyia za kung'arisha ngozi. Siyo krimu hafifu inayopakwa jinsi ulivyoelekezwa. Ukipaka vizuri wiki mbili na huoni mabadiliko yoyote, rudi. Ukiona usaha, ukoko wa manjano au homa, rudi siku hiyo hiyo.

Na mafuta ya mgando ni ya kila siku, mara tu baada ya kuoga ngozi ingali na unyevu, hata wakati hana tatizo lolote.

Safari hii tulipaka kama tulivyoambiwa, na alimeza antibayotiki hadi zikaisha. Baada ya wiki mbili nikamwambia mke wangu dawa imeshindwa, kwa maana madoa meusi yalikuwa palepale. Akanishika mkono. "Baba, funga macho, mpapase." Nikafumba. Ngozi ilikuwa laini kabisa. Kwa ngozi zetu nyeusi, madoa hubaki miezi kadhaa baada ya ukurutu kutulia. Nilikuwa nimetangaza uponyaji kwa macho, na sasa nilikuwa nakana uponyaji kwa macho.

Usiku ule nilisoma habari za Hezekia, 2 Wafalme 20. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, nikikazia machozi na ile miaka 15. Zile tini nilizipita mbio. Mungu alikuwa ameshaahidi kumponya, na bado nabii Isaya aliagiza tini ziletwe, ziwekwe kwenye jipu. Hakuna mahali panaposema mfalme aliona haya kuwekewa.

Binti yetu sasa ana miaka 11. Kila Julai, baridi inapoingia, kiwiko kimoja humsumbua tena. Krimu anaipaka mwenyewe, na haulizi mtu.

Kwa hiyo dada yangu, usiache. Maliza siku ulizopewa, na tarehe ya kurudi kliniki usiiruke. Sisi tutaendelea kuomba. Jumapili njoo na mtoto, na umvalishe mikono mifupi.