Kiti cha Mzee Katika Sebule ya Fahari

Mji wa Seattle, kaskazini magharibi mwa Marekani, umekaa juu ya vilima kandokando ya maji. Kwenye kilima kiitwacho Queen Anne kuna bustani ndogo, Kerry Park, ambako kila mgeni hupelekwa kupiga picha. Nasi tulipokwenda kuwatembelea jamaa tulifikishwa hapo. Mbele yetu ulisimama mnara wa Space Needle, wenye urefu wa mita 184, uliojengwa kwa maonyesho ya dunia ya mwaka 1962. Mawingu yalipofunguka, nyuma ya maghorofa ukajitokeza Mlima Rainier na theluji yake, tukakumbuka Kilimanjaro.

Akina mama waliowahi kutazama mchezo wa televisheni uitwao Frasier wataitambua mandhari hiyo mara moja. Ndiyo iliyokuwa ikionekana dirishani mwa Daktari Frasier Crane, yule mshauri wa redioni mwenye maringo, aliyekaa ghorofa ya 19. Tulimwuliza mwenyeji wetu lile jengo liko wapi. Akacheka. Halipo, wala halikuwahi kuwapo! Sebule tuliyoizoea ilijengwa ndani ya studio ya Paramount huko Los Angeles, zaidi ya kilomita 1,500 kusini, na mandhari ya dirishani ilikuwa picha kubwa tu. Upande mmoja wa sebule haukuwa na ukuta, kwani huko ndiko walikoketi watazamaji. Mchezo ulidumu miaka 11, kuanzia 1993 hadi 2004, na waigizaji walikuja Seattle kwa ajili ya kipindi kimoja tu, cha mwaka 1997.

Lakini nyumba ya kuigiza inaweza kusema kweli kuhusu nyumba zetu. Katika kipindi cha kwanza, Frasier anajisifia samani zake: kochi refu lililo nakala ya lile la Coco Chanel wa Paris, na kiti cha ngozi kilichobuniwa na mume na mke, Charles na Ray Eames, mwaka 1956. Mara anahamia baba yake, Martin, polisi mstaafu aliyepigwa risasi ya nyonga. Anakuja na mkongojo, mbwa, na kiti chake cha zamani chenye mistari, kimechakaa na kubandikwa utepe wa gundi. Wapagazi wanakitua katikati ya sebule, mbele ya televisheni. Kusema kweli, ni kiti kibaya. Waliopamba sebule ile walitaka kisilingane na chochote, na waliweza.

Sisi wauguzi tunakitazama kwa jicho jingine. Kile kiti cha ngozi kiko chini na kimelala nyuma. Mgonjwa wa nyonga akishaketi humo, atahitaji watu wa kumnyanyua. Kiti cha Martin kina mikono ya kushikilia, na mwenyewe anakijua hata gizani. Kilichotutia wasiwasi ni vile vidaraja vya kushuka sebuleni na mazulia madogo sakafuni. Mzee wa mkongojo hujikwaa papo hapo. Wangapi tumewapokea wodini kwa mara ya pili kwa sababu ya zulia!

Mwaka 1994 kilionyeshwa kipindi ambamo Frasier anamnunulia baba kiti kipya cha bei ghali na kukiondoa kile cha zamani. Mzee hafurahi. Anaeleza kwamba katika kiti kile aliwatazama watu wakitua mwezini, ndimo alimokuwa alipoletewa habari ya kuzaliwa mjukuu wake, na ndimo marehemu mkewe alikomwamsha usiku kwa busu aliposinzia. Hapo mtoto anahangaika kukirudisha.

Tulipokuwa tukishuka kilimani tulizungumza juu ya haya. Mama mkwe akiletwa mjini kwa matibabu, tunamwandalia chumba kizuri, godoro jipya, na pazia zinazolingana na shuka. Kigoda chake, sanduku lake la bati na mkeka aliousuka mwenyewe tunaviweka stoo, maana vitaharibu sebule. Baada ya wiki mbili anaanza kuomba arudishwe kijijini, nasi tunamwambia mume kwamba mama yake haridhiki na kitu. Je, tulimwuliza anapenda kuketi wapi?

Katika kipindi cha mwisho cha Frasier, mwaka 2004, Martin anaoa tena na kuhama. Wapagazi wanarudi kukibeba kile kiti. Mtoto aliyekilalamikia kwa miaka 11 anasimama kukitazama kikitoka mlangoni, na pale kilipokuwa panabaki zulia tupu.