Hina, Udi na Jenereta: Usiku Wetu wa Kidichi



Biharusi mmoja aliniuliza juzi aandae nini kwa harusi ya nyumbani. Nikamtajia hina, udi, singo na vikuba. Mwisho nikamwambia, "Na jenereta uiangalie mapema." Akacheka. Mimi sikucheka, nilikumbuka Februari 2010.

Wa rika langu hamjasahau. Disemba 2009 ilitokea hitilafu upande wa Fumba, unapotokea waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara. Unguja nzima ikawa kiza mpaka Machi 2010. Maji nayo yakawa shida, kwa sababu pampu haziendi bila umeme. Harusi ya mdogo wangu ikaangukia humo humo. Kwetu ni Kidichi, si mbali na hamamu ya Kiajemi aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe. Tukaazima jenereta ndogo, tukamshukuru Mungu.

Usiku wa hina, taa zikaanza kufifia na kuwaka, kufifia na kuwaka. Friza yenye nyama ya biriani ikawa inanguruma tu, haigandishi. Kijana mmoja wa nyumbani akasema mashine imechoka, akakaza skrubu ya mwendo ili ikimbie zaidi. Taa zikang'aa kweli. Friza ilipojizima, umeme ukaruka juu, balbu ikapasuka na chaja ya simu ikatoa moshi.

Kisha mvua ikashuka ghafla. Tukaiingiza jenereta ndani ya ukumbi wa uani, isirowe. Hilo ndilo kosa linalonitetemesha hadi leo.

Haikupita muda, biharusi akalalamika kichwa kinamgonga. Mpaka hina akaona kizunguzungu. Mtoto akatapika. Mmoja akasema ni joto, mwengine akasema ni udi mwingi, wa tatu akanong'ona kuwa ni husda, akaanza kumsomea. Shangazi yangu hakubishana na mtu. Alisema, "Kisomo ni haki, lakini zimeni hilo dubwana na mfungue madirisha." Akatutoa sote barazani, na hina zetu mbichi mikononi. Tulipopata hewa tukapata nafuu, alhamdulillahi.

Moshi wa jenereta una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na inaua watu waliolala. Laiti tungelala mle!

Asubuhi akaja fundi mzee wa jirani. Aliirudisha ile skrubu mahali pake, akachomoa kila kitu, akaiwasha mashine ikiwa na balbu moja tu. Mita yake ikasoma volti 230, ndivyo inavyotakiwa. Akarudisha friza, pasi, blenda na feni kwa pamoja, ikashuka chini ya 190. Akashika ekstensheni yetu, nyembamba na ndefu, nusu yake bado imezungushwa kwenye gurudumu lake. Ilikuwa ya moto. "Mashine yenu nzima," akasema. "Mmeibebesha mzigo wa punda wawili, na njia mmeipa ya sisimizi."

Basi wapenzi, haya ndiyo niliyoyashika:

Umeme ukipungua, usikimbilie kuikaza mashine. Zima, chomoa vyote, kisha anza na taa moja. Taa ikitulia, tatizo ni mzigo au waya. Punguza vitu. Pasi na friza zisiwake pamoja, na ekstensheni iwe nene, fupi, na ikunjuliwe yote.

Taa ikiwa bado inayumba na jenereta haina mzigo, tazama mafuta na chujio la hewa, mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Zaidi ya hapo mwite fundi. Usifungue mfuniko wa umeme, kwani ndani kuna kapasita inayobaki na umeme hata mashine ikizimwa. Taa ikiwaka kupita kiasi, zima mara moja kabla vyombo havijaungua.

Jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha, mita 6 au zaidi, na moshi wake uelekee kusiko na watu. Mvua ikinyesha, zima usubiri. Kama mna kipaa kilicho wazi pande zote, mbali na nyumba, itengenezeeni mahali hapo mapema. Usiiguse kwa mikono ya maji, wala usitie petroli ikiwa ya moto.

Na kamwe usichomeke waya wa jenereta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme utarudi mpaka kwenye nguzo, na fundi aliyepanda akidhani waya umekufa atakufa yeye. Ukitaka nyumba nzima, fundi akufungie swichi ya kubadilishia. Dini yetu imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, na hilo haliishii kwenye ulimi tu.

Mdogo wangu ana watoto watatu sasa, mashallah. Picha za usiku ule zinaonesha hina iliyochirizika mpaka kwenye viwiko, kwa sababu ya kutoka mbio. Kila akiziona hucheka. Shangazi hachekagi, husema tu, "Afadhali hina iharibike."

Mungu awahifadhi na awape harusi za kheri. Amin.